Kura ya Sifuri

Katika msimu wa pili wa ligi ya taifa, watu saba wazima wenye tai shingoni waliketi ndani ya chumba chenye feni wakapiga kura kuamua jibu la hesabu ya darasa la nne. Watano walinyosha mkono huku, wawili wakanyosha kule, na hesabu ikashindwa. Anayeona hii ni chumvi aende kiwanda cha ngozi akaulize. Wazee wa pale hawajasahau, na ukiwakuta siku mbaya watakusimulia mpaka ukose pa kukimbilia.

Aliyebebeshwa mzigo wa kura hiyo alikuwa golikipa wa timu ya kiwanda hicho. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kadi ya kazini. Mtaani na uwanjani aliitwa Komeo. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, magoti yanayolia kila akichuchumaa, na viganja ambavyo hata mkewe aliviogopa kidogo. Siku sita za juma alisimama kando ya mashimo ya chokaa akivuta ngozi mbichi zilizolowa, akizitandaza juu ya mti wa mviringo na kuzikwangua mafuta na manyoya kwa kisu chenye mipini miwili. Chokaa ilikuwa imemla viganja mpaka vikawa vigumu kama soli. Siku ya saba aliviosha, vikakataa kutakata, akaenda navyo hivyo hivyo kudaka mipira. Glavu aliziona kwenye picha tu.

Halafu kulikuwa na harufu. Harufu ya ngozi haina likizo. Inakaa kwenye nywele, kwenye kucha, kwenye shuka la kitanda. Timu nyingine ziliwaita Wangozi, na hawakuwa wanawasifia. Refa mmoja, alipotakiwa kukagua viatu vyao kabla ya mechi, alivikagua akiwa hatua tatu nyuma, leso puani. Siku walipokwenda kucheza na Makarani, ile timu ya watu wa maofisini iliyokuwa kipenzi cha Chama cha Mpira, waliambiwa kwa heshima zote wakavalie jezi nje, nyuma ya ukuta, upande ambao upepo ulikuwa unaondoka. Wakavalia nje. Wakatoka sare ya bila kwa bila, wakarudi nyumbani wakijipongeza kwamba angalau wamewanyima bao.

Kuwanyima watu bao ndiyo ilikuwa kazi yao. Kufunga kulikuwa shida. Washambuliaji wao walifunga kama mtu anayetoa mchango kwa shingo upande: kamoja leo, kamoja wiki ijayo. Lakini nyuma alisimama beki waliyemwita Kisiki, fundi wa mapipa makubwa ya kulainishia ngozi, na nyuma ya Kisiki alisimama Komeo. Mechi tisa walicheza, na katika hizo tisa mpira haukugusa wavu wa Wangozi hata mara moja. Hata kwa bahati mbaya.

Sasa sikiliza sheria yao, maana hapo ndipo ujinga ulipojificha. Timu zilikuwa sita, kila moja inacheza mechi kumi. Ushindi pointi mbili, sare moja. Timu zikilingana pointi, chukua mabao ya kufunga, yagawanye kwa mabao ya kufungwa. Mwenye jibu kubwa ndiye anayekaa juu. Katibu wa Chama aliinakili sheria hiyo kutoka kwenye kitabu cha watu wengine, akaigonga muhuri, akaenda zake kula. Haikumpitia akilini kwamba duniani anaweza kutokea mtu asiyefungwa.

Makarani walimaliza mechi zao mapema. Pointi kumi na sita, mabao ishirini na moja ya kufunga, saba ya kufungwa. Gawanya: tatu. Wangozi walikuwa na pointi kumi na nne na mechi moja mkononi, dhidi ya Wachapaji, timu ya kiwanda cha magazeti. Wakishinda, nao watafika kumi na sita. Mtaa mzima wa kiwanda ulianza kutembea kifua mbele.

Wa kwanza kunusa hatari alikuwa mke wa Komeo. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mwanamke asiyependa mpira lakini anayependa kusoma mpaka mwisho karatasi yoyote inayopita mbele yake. Aliisoma sheria gazetini wakati anasubiri maji yachemke, akaweka gazeti chini.

"Baba watoto," alisema, "nyie mkishalingana na hao wenzenu, mtagawanywa kwa ngapi?"

Komeo alijibu kwamba hawajafungwa hata bao moja, kwa hiyo ni wazi wao ndio bora. Mkewe akamwambia hajamuuliza nani bora. Amemuuliza watagawanywa kwa ngapi. Komeo akalichukua gazeti akaisoma sheria mwenyewe.

Jumanne wakaenda ofisi za Chama watatu: Kisiki aliyekuwa nahodha, Komeo, na mwalimu. Waliwekwa kwenye benchi la korido muda wa kutosha kuivisha ngozi, kisha wakaingizwa. Katibu alikuwa mtu wa kalamu mbili mfukoni ambaye barua zake ziliandikwa na watu wengine. Alifungua dirisha kwanza, ndipo akawakaribisha. Aliposikia shida yao alicheka kwa huruma, akasema jambo hilo ni dogo, Chama kina mashine. Na kweli ilikuwepo, juu ya meza yake peke yake, mashine ya kuhesabia ya umeme, nzito kama jiwe la kusagia, yenye vitufe na magurudumu ya tarakimu. Katibu akabonyeza saba, yale mabao yao ya kufunga. Akabonyeza alama ya kugawanya. Akabonyeza sifuri.

Mashine ikaanza kunguruma. Magurudumu yakazunguka, yakazunguka, hayasimami. Karatasi za mezani zikatetemeka. Katibu akabonyeza hiki na kile, akaipiga kofi ubavuni, wapi. Ilipoanza kutoa harufu ya mpira unaoungua, tarishi aliingia mbio akachomoa waya ukutani. Kimya kikarudi. Kisiki, ambaye maisha yake yote aliambiwa yeye ndiye anayenuka, alitoa leso akaiweka puani, taratibu kabisa.

Katibu alikohoa, akatoa hukumu. Mashine imekataa, alisema. Jibu likikataa maana yake halipo. Na kitu ambacho hakipo, kwa lugha ya hesabu, ni sifuri. Kwa hiyo Wangozi wana sifuri, na Makarani wana tatu.

Mwalimu alimwomba kipande cha karatasi. Alimwonyesha kwa upole, kama anavyowaonyesha watoto wanaochelewa kuelewa. Makarani wamefungwa saba, wana tatu. Wangefungwa matatu tu, wangekuwa na saba. Wangefungwa moja, wangekuwa na ishirini na moja.

"Unaona, mheshimiwa? Kadiri mtu anavyofungwa kidogo, ndivyo anavyopanda. Sasa asiyefungwa kabisa anaporomokaje mpaka chini?"

Katibu aliitazama karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kikombe chake kuzuia kikombe kisichafue meza. Akamwambia mama, hapa si darasani. Ila kwa sababu Chama kinaheshimu maoni ya wananchi, suala hilo atalifikisha kwenye Kamati, na Kamati itaamua kidemokrasia.

Kamati ikakaa Alhamisi. Wajumbe saba. Mzee wa maktaba na daktari wa meno walisema sifuri haigawanyi kitu, na kwamba taifa litachekwa. Wengine watano walisema sifuri. Mmoja wa hao watano alikuwa mwenyekiti wa klabu ya Wangozi mwenyewe, Bwana Utumishi wa kiwanda, mtu aliyeajiri na kufukuza, aliyekuwa akivaa skafu ya timu siku za ushindi tu. Alinyosha mkono dhidi ya watu wake mchana kweupe. Sababu haikuwa siri: timu ya taifa ilikuwa inasafiri nje baada ya miezi miwili, ilihitaji mkuu wa msafara, na jina la mkuu wa msafara lilikuwa linapendekezwa na Katibu. Alipoulizwa alisema amelinda umoja. Watu wa aina hiyo wakikuuza husema wamelinda kitu fulani.

Ijumaa gazeti lilichapa uamuzi: timu ambayo haijafungwa, wastani wake ni sifuri. Wafanyakazi wa kiwanda waliusoma wakidhani ni makosa ya kiwanda cha uchapaji.

Jumamosi, baada ya king'ora cha saa za kazi, Bwana Utumishi alikusanya wachezaji kwenye ghala la ngozi kavu. Hakuomba radhi. Alikuja na mpango, na alikuwa anautangaza kama mtu aliyegundua moto. Kesho, alisema, tufunge mawili. Halafu tufungwe moja. Tutakuwa na mabao tisa ya kufunga na moja la kufungwa, tisa gawanya kwa moja ni tisa, na tisa inaikalia tatu kichwani. Kombe letu. Aliwazungushia macho akisubiri makofi.

"Bao moja tu," alimwambia Komeo. "Dogo. Hata halitauma."

Mtu angetegemea ghala zima limzomee. Halikumzomea. Wachezaji walitazamana, wakaanza kutingisha vichwa, mmoja mmoja. Walikuwa wamechoka. Walikuwa wamevalia jezi nyuma ya kuta, wamepewa mkono na watu waliofuta mkono baadaye. Na kombe lilikuwa pale, umbali wa bao moja la kijinga. Kisiki alimsogelea golikipa wake, akamwekea mkono begani.

"Kaka, sikiliza. Najua ni upuuzi. Lakini mimi nataka nilione lile kombe lao linanuka ngozi. Mara moja tu, kabla sijafa."

  Kisiki alikuwa rafiki wa Komeo tangu wote wawili ni vibarua wa kufagia manyoya. Na neno lake lilikuwa la kweli.

Jioni ile nyumbani alikula bila kuonja. Mkewe alimwacha mpaka amalize, akaondoa sahani, akakaa mbele yake. Alimwambia jambo moja, kisha hakulirudia tena. Alisema wale watano wamesema asiyefungwa ni sawa na bure. Mpaka sasa ni maneno yao peke yao. Akiuachia mpira makusudi, atakuwa amewatilia sahihi, na sahihi yake ndiyo pekee itakayoaminiwa, kwa sababu ni ya golikipa.

"Na Kisiki?" aliuliza Komeo.

"Kisiki ana haki ya kutaka kombe," alisema mwalimu. "Hiyo siwezi kuikataa. Mikono ni yako, siyo yangu."

Hakumsaidia hata kidogo, na alijua hamsaidii.

Jumapili uwanja ulijaa. Makarani walikuwa wamekuja kutazama, wamevaa suti, wamekaa jukwaa kuu jirani na meza yenye kombe. Suti kwenye mechi wasiyocheza! Watu hao walishajivalisha ubingwa kabla haujapatikana. Bwana Utumishi alikaa safu ya mbele na skafu yake, katikati ya Katibu na mgeni rasmi, anacheka na kila upande.

Na Wangozi, kama kwa kejeli, siku hiyo wakafunga. Dakika ya kumi na nane kwa kichwa, dakika ya hamsini kwa mpira uliomgonga beki. Mawili bila. Upande wa wafanyakazi ukalipuka, kisha ukatulia, ukageuka wote kumtazama Komeo. Huo ndio ulikuwa unyama wa jambo lile: watu elfu mbili wanampenda, na wote wanaomba afungwe.

Dakika ya sabini, Kisiki alijifanya ameteleza. Winga wa Wachapaji, kijana mmoja mwembamba aliyekuwa mpanga herufi kiwandani kwao, akabaki peke yake na goli. Akapiga, wala hakupiga sana. Komeo alikuwa ameshaamua kusimama tu. Alisema hivyo baadaye, na hakuwa mwongo. Lakini mwili wenye miaka kumi na tano ya kudaka haukumngoja. Ulikwenda. Aligundua yuko chini na mpira uko tumboni.

 Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa mashabiki wachache wa Makarani, na hao walipiga kwa kumbeza. Kisiki alimwendea akamwinua. "Haya, imekuponyoka," alimnong'oneza. "Nakupa nyingine."

Na akampa. Dakika ya themanini na moja, mpira unapita juu kwenda nje, hauna habari na mtu, Kisiki akaruka akaukamata kwa mikono miwili ndani ya eneo la hatari, kama mtu anayepokea mtoto. Refa alipuliza filimbi akionekana kuona aibu. Penalti.

Mpanga herufi aliuweka mpira kwenye alama. Yeye ndiye aliyepanga kwa mkono wake, herufi kwa herufi, ule uamuzi wa Kamati siku ya Ijumaa, na alikuwa ameusoma mara tatu akiamini amekosea. Timu yake haikuwa na cha kupoteza. Akasogea kana kwamba anaufuta mpira vumbi, akaongea bila kunyanyua kichwa.

"Mzee wangu, napiga kushoto kwako. Chini, polepole. Wewe nenda kulia, mkachukue chenu."

Alisema kwa wema. Hilo ndilo lililomwelemea Komeo kuliko yote. Adui alikuwa mwema, rafiki alikuwa mwema, mashabiki nyuma ya goli walikuwa wanaliita jina lake, na wote kwa pamoja walikuwa wanamsukuma kwenye mlango ambao watu watano wenye tai walikuwa wameufungua. Alitazama jukwaani. Bwana Utumishi alikuwa anampungia leso, anamwashiria apishe, apishe, kama mtu anayeongoza gari kuegesha. Kando yake Katibu alikuwa anakuna sikio. Hakuwa hata na wasiwasi. Kwake hili na lile yalikuwa mamoja. Akifungwa, sheria imefanya kazi. Asipofungwa, sheria imefanya kazi.

Safari hii mwili haukuwa na la kuamua. Kulikuwa na muda. Komeo alisimama katikati ya milingoti, akavuta pumzi, na mpanga herufi alipoanza kukimbia, akili yake ilikuwa baridi kabisa.

Alikwenda kushoto. Mpira ulikuja chini, polepole, kama ulivyoahidiwa, na akaukumbatia kwa ule mkono wa chokaa uliokuwa mgumu kama soli. Akasimama. Hakuurusha mbele, hakuupiga. Alitembea nao mpaka ukingo wa eneo lake, akageukia jukwaa kuu, akakaa ameushika juu ya kichwa muda mrefu kiasi kwamba refa alilazimika kumkumbusha kucheza.

Mawili bila. Mechi kumi, hakuna bao la kufungwa, na nafasi ya pili.

Makarani walishuka na suti zao kupokea kombe. Mgeni rasmi alihutubia, akawasifu vijana wasomi walioonyesha kwamba soka la kisasa ni akili. Wafanyakazi wa kiwanda waliondoka kabla hajamaliza. Njiani hakuna aliyemzomea Komeo, afadhali wangemzomea. Walimpisha tu, kama wanavyompisha mtu mwenye msiba wa kujitakia. Kisiki alipita na viatu vyake mkononi, macho chini.

Jumatatu aliitwa ofisini. Bwana Utumishi hakumkaribisha kiti. Alimsukumia karatasi ya kiwanda yenye nembo, akamtaka ajieleze kwa maandishi, ndani ya siku hiyo, kwa nini alidaka penalti kinyume cha maelekezo ya uongozi. Naam. Katika nchi nzima, pengine katika dunia nzima, golikipa akaandikiwa barua kwa kosa la kudaka. Na aliyeiandika hakucheka, wala karani aliyeipiga chapa, wala aliyeigonga muhuri.

Komeo aliisoma pale pale amesimama. Akaomba kalamu. Chini ya swali aliandika mstari mmoja, kwa mwandiko mkubwa wa mtu ambaye vidole vyake havikunjiki vizuri: Wewe anza kueleza kwa nini ulinyosha mkono, mimi nitafuata. Akaweka jina lake la kuzaliwa na namba yake ya kazi, akarudisha kalamu, akatoka.

Aliondolewa kwenye timu juma hilo hilo. Kazi hawakuthubutu kumnyang'anya, kwa kuwa wakwanguaji wazuri walikuwa watatu tu na mmoja alikuwa mgonjwa. Mwanzoni mwa msimu uliofuata Chama kilitoa sheria mpya: timu isiyofungwa itahesabiwa kama imefungwa bao moja. Katibu aliitambulisha kwa waandishi wa habari kama matunda ya utafiti wake. Alipoulizwa kuhusu msimu uliopita alisema sheria hairudi nyuma.

Kisiki alikaa wiki saba bila kumsemesha. Walikutana kila siku kwenye mashimo ya chokaa, maana ngozi za Komeo ndizo zilizokwenda kwenye mapipa ya Kisiki, na kila siku walipokezana mizigo kama mabubu. Siku ile sheria mpya ilipobandikwa langoni, Kisiki alikuja, akasimama akimtazama anakwangua.

"Wamekiri," alisema.

"Wamekiri."

"Lakini kombe lingekuwa kwetu."

"Lingekuwa," alisema Komeo.

Kisiki alitema mate pembeni. Alikuwa bado na hasira, na hakuificha. Kisha akainama, akashika upande mmoja wa ngozi iliyolowa, akasubiri mwenzake ashike upande wa pili, kwa sababu ilikuwa nzito na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuinyanyua peke yake.